Vikopo Sita vya Rangi Namba 94

Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Hilda Rimmer alikata kamba ya boksi dogo kwenye stoo ya duka lake, akakuta vikopo sita vya rangi vimesimama kichwa chini. Akakigeuza cha kwanza. Kifuniko kilikuwa cha kijani, ile kijani ya chura ambayo hakuna mteja aliyeinunua kwa miaka miwili. Cha pili kijani. Mpaka cha sita, kijani tu. Hilda akakaa kwenye ngazi ya kupandia rafu, mkono kifuani.

Jumamosi, kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa ameweka humo vikopo sita vya namba 94, vifuniko juu, akavihesabu mara mbili na kufunga kamba.

Aliyeishi mji wa bandari wa Fleetwood miaka mingi analijua duka la Rimmer. Zamani rangi za kupaka modeli, zile meli na ndege ndogo za plastiki, zilijaa kuta tatu, vikopo vidogo vimepangwa hata ukashindwa kuchagua. Kisha kiwanda kimoja kikafunga, kingine kikapunguza namba, wateja wakafa mmoja mmoja. Ukuta wa kwanza ukachukuliwa na mafumbo ya picha. Wa pili ukaenda kwa karata za madude yenye mapembe, ambazo vijana huzinunua bila hata kusalimia. Rangi zikabaki na rafu mbili nyuma ya mlango, na hata hizo zina mapengo.

Namba 94 ilikuwa rangi ya dohani za meli za uvuvi za mji huo, hudhurungi ya chai ya maziwa iliyokolea. Kiwanda kiliacha kuitengeneza miaka minne iliyopita. Hilda alipiga simu wiki tatu mfululizo mpaka akavipata vikopo sita vya mwisho kwenye duka moja la Aberdeen lililokuwa linafunga. Aliyeviagiza ni Walter Cardwell, mzee wa miaka themanini na moja, mpaka rangi wa gatini enzi zake.

Walter alikuwa akijenga modeli ya Alice Maud, meli iliyozama mwaka 1971 na mdogo wake Ronnie ndani. Kwenye modeli ilibaki kupaka dohani tu. Lakini macho ya Walter yalikuwa yanakufa: katikati ya kila alichokitazama palikuwa na doa jeusi, na doa lilikuwa linakua. Daktari alimwambia kwamba ifikapo Septemba hatatambua rangi tena. Hii ilikuwa wiki ya mwisho ya Julai.

Hilda hakupiga simu polisi. Nani atume gari kwa ajili ya vikopo sita? Alimpigia Norman Bleasdale, sajini mstaafu, mjane, mtu ambaye simu yake ilikuwa haijalia tangu Ijumaa. Norman alifika saa tatu na dakika thelathini na tano, amenyoa vizuri.

"Mlango ulivunjwa?" aliuliza.

"Haukuguswa, kipenzi. Pesa zipo, vifaa vipo. Na hivi vya kijani vimetoka kwenye rafu yangu mwenyewe. Aliyebadilisha alitaka boksi lisiwe jepesi."

"Ulivikuta hivihivi? Vifuniko chini?"

"Hivyo hivyo."

Norman aliandika kwenye daftari. "Stoo nani aliingia tangu Jumamosi?"

"Jumapili nilifunga. Jana, kati ya saa tisa na saa kumi na moja, watu watatu. Kerry, binti wa kaka yangu, alikuwa anapanga bidhaa. Gary Eccles alikuja kutafuta mabaki ya zamani. Na Clifford Wignall, kunywa chai. Choo si kipo huko nyuma? Kila mtu hupita stoo."

"Clifford ni rafiki wa Walter."

"Rafiki? Ndiye anayempakia rangi siku hizi. Kila Alhamisi saa nane mchana yuko kwake. Huyo mfute kabisa, Sajini. Aliitaka hiyo 94 kuliko hata Walter."

Norman hakumfuta. Alimwandika wa mwisho.

Saa tano alizungumza na Kerry, msichana wa miaka ishirini na sita, mkali kama siki.

"Uliwahi kusema vikopo vya zamani vitupwe," Norman alianza.

"Nimesema na nitasema tena. Shangazi anauza kopo moja kwa wiki, halafu anashangaa duka linakufa. Lakini kusema si kuiba, mzee Norman. Ningetupa, ningetupa rafu nzima mchana kweupe, na angenisikia."

"Nipangie hivi, tafadhali." Akamsogezea vile vikopo vya kijani.

Kerry alivipanga haraka, vifuniko juu. "Umeridhika? Nenda kamuulize Gary. Jana alitoka na mfuko mzito, akakataa nimsaidie."

Gary Eccles alikuwa na banda nyuma ya nyumba yake, na humo aliuza kwenye mtandao rangi zisizotengenezwa tena, kwa bei ya kumwaibisha shetani. Saa nane na nusu mchana Norman alimkuta anapiga picha vikopo.

"Najua kilichokuleta," Gary alisema. "Mji huu kikipotea kijiko, ni Gary."

"Mfuko wa jana ulikuwa na nini?"

Gary aliumwaga mezani: chupa za rangi za maji, gundi tatu, na risiti ya Hilda. Nyuma yake vikopo zaidi ya mia vilikuwa kwenye rafu, vimenyooka kama askari, vifuniko juu.

"Huwa unavipanga hivyo siku zote?"

"Ningevipangaje? Mnunuzi anataka kuiona rangi kwenye kifuniko. Mimi sijengi modeli, Sajini. Sijawahi kujenga hata moja. Nauza tu. Na ile 94 ningeipata ningeuza, sikufichi. Lakini si kwa kumwibia kipofu."

Norman alirudi nyumbani saa kumi na moja jioni. Alipasha supu ya mbaazi, akaila akiwa amesimama, maana meza ilikuwa kubwa mno tangu mkewe Jean afariki. Kisha alifanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka mitatu: alivuta droo ya chini ya kabati, ile ya ndege zake za plastiki. Vikopo vyake vya rangi vilikuwa humo bado, kumi na saba.

Vyote vilisimama kichwa chini.

Alivitazama kwa muda mrefu. Kila mjengaji wa zamani hufanya hivyo na rangi za mafuta. Ukikipindua kikopo, rangi inaziba kifuniko kwa ndani, hewa haiingii, na ukiikuta imeganda, imeganda upande wa kitako. Hufikirii, mkono wenyewe unageuza. Mwenye duka hageuzi, anataka rangi ionekane. Mchuuzi hageuzi. Msichana wa dukani hajui hata kwa nini ugeuze. Katika wale watatu wa jana, aliyekuwa na mkono wa namna hiyo alikuwa mmoja.

Lakini kwa nini? Norman alilala na swali hilo, na halikuwa swali la kulala nalo peke yako.

Jumatano saa nne asubuhi alikuwa kwa Walter. Alimweleza ukweli kwamba vikopo vimeibwa. Mzee alipapasa meza mpaka akaufikia ukingo wa Alice Maud. Ilikuwa kazi safi, urefu wa mkono, kamba zake nyembamba kama nywele. Katikati dohani ilikuwa tupu, plastiki nyeupe. Norman aliinama karibu. Ilinuka tina, ile ya kuyeyushia rangi, na kwenye mshono wake mwembamba palibaki mstari wa hudhurungi.

"Hii iliwahi kupakwa, Walter."

"Mara tano. Clifford anasema rangi inafanya mapovu, kikopo cha zamani kimeharibika. Anaifuta, tunaanza upya Alhamisi inayofuata. Kikopo chenyewe kilikuwa kimebaki robo tu, kikaisha."

"Dohani haizidi kidole gumba. Kikopo kimoja kinapaka ishirini za namna hii."

"Ndivyo."

"Sasa mbona uliagiza sita?"

Walter aligeuza uso dirishani. "Mzee akiwa na tamaa, Sajini, mwache na tamaa yake. Chai?"

Mtungi wa brashi za Clifford ulikuwa kwenye dirisha, na kando yake kitambaa. Norman alikikunjua. Kilikuwa kimelowa 94 na kukauka, tabaka juu ya tabaka, na hudhurungi yake ilikuwa laini kila mahali. Rangi yenye mapovu haikauki hivyo.

Alhamisi saa nane na dakika tano mchana, Clifford Wignall aliingia na keki ya tangawizi kwenye karatasi. Alikuwa na miaka sabini na minane, koti limefungwa mpaka shingoni katikati ya kiangazi. Alipomwona Norman mezani alisimama mlangoni.

"Leo tuna mgeni," Walter alisema. "Kaa, Cliff."

Norman alikuwa ameleta vile vikopo sita vya kijani. Aliviweka mezani ovyo, vingine vimelala. "Clifford, nisogezee hivyo kwenye trei, nafasi imebana."

Clifford alivikusanya huku macho yake yako kwa Walter. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, kila kimoja mkono wake ulikigeuza kabla hakijagusa trei. Alipofika cha nne alijiona. Mkono ukabaki hewani.

"Kerry alivipanga vifuniko juu," Norman alisema kwa upole. "Gary naye hajui kuvipanga vingine. Jumatatu, saa kumi na kitu, ulikwenda chooni. Ulichukua vya kijani kwenye rafu ya nyuma ya mlango, ukabadilisha, ukafunga kamba upya. Na mkono wako ukafanya ulichoufundisha miaka sitini."

"Kila mzee mjini hugeuza vikopo."

"Si kila mzee alikuwa stoo Jumatatu. Na kile kitambaa ni chako. Hapakuwa na mapovu, Clifford. Ulipaka mara tano vizuri kabisa, na mara tano ukafuta. Kikopo kilipoisha ulishukuru. Halafu Hilda akavipata sita vipya, ambavyo hakuna ambaye angeamini kwamba vyote vimeharibika."

Clifford alikaa, na alipokaa alionekana mdogo.

"Nilidhani ni Alhamisi moja tu zaidi," alisema. "Meli ikiisha, nije kufanya nini? Ijumaa sina pa kwenda. Jumamosi vilevile. Siku nyingine nanunua mkate nusu, ili kesho nirudi dukani na mtu aniulize hali." Alifuta pua kwa kiganja. "Sikutaka kukuumiza, Walter. Nilikuwa najipa wiki. Wiki moja, halafu wiki moja."

"Wiki zenyewe zilikuwa zangu," Walter alisema. Hasira yake hakuificha. "Mwezi Mei ningeiona dohani ya Ronnie yote. Unajua sasa naona nini? Pembeni. Nikiitazama, haipo."

Clifford alifungua vifungo vya koti, na kwenye mifuko ya ndani vilikuwemo, vitatu kushoto, vitatu kulia. Alikuwa anatembea navyo tangu Jumatatu. Aliviweka mezani kimoja kimoja, akainuka kuchukua kofia.

"Unakwenda wapi?" Walter aliuliza.

"Nyumbani."

"Kuna kazi hapa. Kaa chini, upake."

Clifford alikoroga rangi dakika tatu nzima. Brashi ilipogusa plastiki, mkono wake ulikuwa umetulia. Norman aliishikilia taa. Saa tisa kasoro kumi dohani ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyekishika kitambaa.

Walter aliinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza jambo nyuma ya mlango, akiitafuta rangi kwa pembe ya jicho. Alihangaika hivyo kwa muda. Kisha akatulia.

"Hiyo," alisema. "Hiyo ndiyo. Niliipaka kwa ndoo, Ronnie akinishikia ngazi."

Norman alifunga daftari lake. Bado palikuwa na swali moja aliloliandika Jumatano na kulipigia mstari.

"Walter. Kwa nini sita?"

"Mimi nimepaka meli miaka arobaini, Sajini. Unadhani siijui harufu ya rangi nzuri inayofutwa? Nilijua tangu ile mara ya pili." Alipapasa mpaka akaupata mkono wa Clifford, akaushika kwa nguvu, bila huruma nyingi. "Nilinyamaza kwa sababu nami Ijumaa sina mtu. Daktari alipotaja Septemba nikaona ujinga huu tuumalize kistaarabu. Kampuni ile ilikuwa na meli sita, Cliff, kikopo kwa kila meli. Alice Maud ni ya kwanza. Zimebaki tano, na mimi sitakuwa na macho, itabidi mtu awe ananisimulia. Ungeniuliza tu, mpumbavu wewe, ningekuambia."

Hapo Clifford akalia, bila sauti, kofia magotini.

"Na hivi vitano?" Norman aliuliza.

"Droo ya pili," Walter alisema.

Clifford aliinuka, akavuta droo, akavipanga vikopo vitano humo, vifuniko chini. Norman alivua koti lake, akaikata keki ya tangawizi vipande vitatu.