Mbwa Aliyeona Mtu Asiye na Kichwa

Kila asubuhi Ndila aliamka kabla ya jua. Aliwasha moto, akachemsha chai, kisha akatoka nje kuwafukuza nyani shambani. Hakuwa peke yake. Karani, mbwa wao, alitangulia mbele. Ndila na familia yake waliitwa watu wa skimu, kwa sababu walihamia kutoka Ukambani na kupewa shamba na serikali vilimani, nyuma ya Msambweni. Mahindi yao yalipakana na msitu. Bila mbwa, nyani wasingewaachia hata bua.

Karani hakuwa amefungwa kamba hata siku moja. Mwau, mume wa Ndila, ndiye aliyekataa.

"Mbwa akifungwa, pua yake inakufa," alikuwa akisema. "Nyani watamcheka."

Jina la Karani alilipata kwa tabia yake. Kila mgeni aliyeingia uani alikaguliwa kuanzia viatu hadi kofia.

Mwaka huo wa 1967, mama yake Mwau aliandikiwa barua kule Machakos. Alijibu kwamba anataka kitu kimoja tu: picha ya mjukuu wake, Jemima, ambaye hajamwona tangu azaliwe. Jemima alikuwa na umri wa miaka sita. Kwa hiyo Jumamosi moja, alasiri, Sefu mpiga picha alipanda kilima kwa baiskeli kutoka Msambweni.

Sefu alisimamisha sanduku lake la mbao juu ya miguu mitatu. Mbele ya sanduku palikuwa na jicho moja la kioo. Nyuma palining'inia kitambaa cheusi, kirefu kama kanzu. Jemima aliketishwa kwenye kiti chini ya mkorosho. Alimkumbatia Karani shingoni.

"Ndugu yangu Mwau," Sefu alisema kwa upole, "mbwa afungwe kamba kwanza. Au akae mbali."

Mwau alicheka. "Bwana Sefu anaogopea udhu wake! Usiwe na wasiwasi. Karani hatakugusa."

"Udhu una dawa yake. Nitajiosha kwa maji na udongo, nitaswali. Ninaogopa meno."

"Meno? Huyu analala na mtoto mkeka mmoja! Mama Jemima, unamsikia mtu wa pwani? Dini inamtisha, anasingizia meno."

Ndila naye alicheka. Majirani wao wa pwani hawakupenda kuguswa na mbwa, na yeye alidhani habari ni hiyo hiyo. Sefu alitazama mkorosho, akatazama mbwa, akarudi kwenye sanduku lake.

Akaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi.

Karani aliacha kuhema. Masikio yake yalisimama. Manyoya ya mgongoni yakainuka, moja moja, toka shingoni hadi mkiani. Sauti ikatoka kifuani mwake, sauti nyembamba ambayo Ndila hakupata kuisikia hata walipokuja chui.

"Tulieni," ilisema sauti ndani ya kitambaa. Mkono ukachomoza peke yake, ukaondoa kifuniko cha lile jicho. "Moja. Mbili..."

Karani aliruka. Jemima hakumwachia, alizidi kumkaba shingo. Mbwa alijipinda, akapiga meno, na mtoto akapiga ukelele. Damu ilitoka mkononi, chini kidogo ya kiwiko.

Mwau alikimbilia panga. "Ninamkata kichwa sasa hivi!"

"Usimwue!" Sefu alifoka, akiwa ameifungia picha sandukuni na kutoka kitambaani. "Ukimwua hatutajua kama ana kichaa. Mfungeni. Amechanjwa?"

"Kuchanjwa nini?"

"Basi mfungeni kwa mnyororo. Mama Jemima, lete sabuni na maji. Mengi."

Ndila alikuwa ameshika chupa ya mafuta ya taa, ayamimine kwenye jeraha. Sefu aliichukua mkononi mwake, akaiweka chini. Aliosha jeraha kwa sabuni, akamimina maji, akaosha tena, robo saa nzima. Jemima alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Nilimwona mtu mmoja Majoreni," Sefu alisema bila kuinua macho. "Aliumwa na mbwa, akapaka pilipili, akaendelea na kazi. Mwezi wa pili tangu aumwe alikuwa haogi. Alikuwa mvuvi, ndugu yangu. Akaletewa kikombe cha maji, akakikimbia. Siku ya tatu tulimzika."

Hakuna aliyecheka. Jemima alipakiwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, Sefu akaikokota, Mwau akamshika mtoto asianguke. Wakateremka kuelekea hospitali ya Msambweni. Ndila aliachiwa mbwa.

Na lile sanduku. Hakuna aliyekumbuka kulibeba.

Jua lilipoanza kushuka, upepo uliingia ndani ya kitambaa cheusi. Kilijaa, kikalegea, kikajaa tena, kama kinachopumua. Karani, kwenye mnyororo wa ng'ombe, alikitazama bila kupepesa. Ndila alitaka kuliondoa sanduku, lakini alifika nusu ya njia, akarudi. Aliingia ndani, akafunga mlango.

Asubuhi mbwa hakula. Maji ya kwenye bakuli yalikuwa vilevile, na jani moja likielea juu. Alipobweka, sauti ilitoka nzito, ya kukwaruza. Si sauti ya Karani. Ndila alihesabu: hali, hanywi, sauti imegeuka. Akamfikiria mvuvi wa Majoreni. Akamfikiria Jemima.

Karibu na adhuhuri mtu alibisha hodi. Alikuwa Suleiman, daktari wa mifugo wa serikali. Watu walimwita daktari wa ng'ombe.

"Sefu alinipitia jana. Mtoto amepokewa, ameanza sindano," alisema. "Ni sindano za tumboni, moja kila siku. Zinauma, lakini zinaokoa. Huyu ndiye mbwa?"

"Ndiye, daktari. Amekwisha kuharibika. Hanywi maji."

Suleiman hakumkaribia mbwa. Alichuchumaa mbali, akamtazama kwa muda mrefu. Mwishowe alisema, "Taya halijalegea. Mate anayameza. Nilipoingia alinigeukia, kisha akageuka tena. Anatazama nini?"

Ndila alionyesha kwa kidole, bila kupenda.

"Njoo uchuchumae hapa, mama. Kimo cha mbwa. Sasa tazama."

Ndila alichuchumaa. Kutoka pale chini hakuona sanduku. Aliona kitu kirefu chenye miguu mitatu. Hakikuwa na kichwa. Kilikuwa na jicho moja tu, la duara, na jicho hilo lilimtazama yeye. Kitambaa kikavuta pumzi. Ndila aliinuka haraka.

"Mbwa wako alimwona mtu akiingia uani," Suleiman alisema. "Akamkagua, akamkubali. Kisha mtu huyo akapoteza kichwa mbele yake. Wewe ungefanya nini?"

"Ningekimbia."

"Naye angekimbia, lakini alikuwa amekabwa shingo. Mnyama aliyeogopa na aliyeshikwa huuma. Hata aliye mpole. Na sauti imegeuka pengine kwa sababu amebweka usiku kucha."

"Basi hana kichaa?"

"Sikusema hivyo. Sijui, na wewe hujui. Tutangoja siku kumi. Mbwa akiuma akiwa tayari ana sumu ya kichaa mateni, hamalizi siku kumi bila kuonyesha dalili, au kufa. Msogezee maji kwa fimbo. Usimguse. Akianza kutoa mapovu, akauma vijiti, akayumba, au akasahau watu wa nyumbani, nitafute siku hiyo hiyo."

Alilifunga sanduku katika kitambaa chake, akaliingiza ndani ya nyumba. Karani alisimama muda kidogo. Kisha akainamisha kichwa kwenye bakuli, akanywa. Ndila alisikia kila funda.

Siku tisa zilizobaki alizihesabu kwa bakuli hilo. Kila alfajiri alilisogeza kwa fimbo, akarudi nyuma, akangoja. Nyani walivuna safu mbili za mahindi. Hakuwajali. Siku ya sita mbwa alimtazama bila kutikisa mkia, na Ndila akakaa chini mpaka jua likawa kali, akingoja mapovu. Hayakuja. Siku ya kumi Suleiman alirudi, akampima Karani, akamwambia Ndila maneno mawili: "Hana kitu." Hospitali ilipopata habari, daktari alisimamisha sindano. Jemima alirudi nyumbani na kovu la meno manne. Siku hiyo hiyo Karani alichanjwa.

Sefu, aliyekuwa amekuja kulichukua sanduku lake, alirudi nalo Jumamosi akiwa na ile picha. Mwau aliishika, akairudisha kama iliyomchoma. Jemima alionekana kuanzia kifuani kwenda juu tu. Mkono mmoja haukuwapo. Kando yake palikuwa na moshi wenye macho sita.

"Huyu ni shetani," Mwau alinong'ona.

"Huyu ni Karani," Sefu alisema. "Jicho la sanduku hubaki wazi wakati ninapohesabu. Anayetulia huandikwa vizuri. Anayeruka huandikwa kila alipopita. Ndiyo maana niliomba kamba, ndugu yangu. Kwa ajili ya mtoto kwanza, picha baadaye."

Mwau aliinamisha kichwa. "Nilidhani ni mambo ya dini tu. Niwie radhi."

"Yamekwisha. Una mkanda wa zamani?"

Mwau alikata mkanda wake wa suruali, akaufanya ukosi. Suleiman alikuwa amewaelekeza: vidole viwili vipite kati ya ukosi na shingo, usimkabe wala usichomoke. Walifunga kamba fupi ya katani. Mwau alitaka kuifunga kwenye kiti cha Jemima.

"Hapana," Ndila alisema. "Akiruka atamwangusha mtoto. Ishike wewe. Wala si kwa mtoto, wala si kwenye mguu wa sanduku. Mkononi mwa mtu mzima anayemjua."

Jemima aliketi hatua mbili kutoka kwa mbwa, bila kumkumbatia. Sefu alikitandaza kitambaa chini, Karani akakinusa pande zote. Kisha Sefu alijifunika na kujifunua mara tatu, akimwita kwa jina kila mara. Mbwa aliketi. Kamba ililegea.

"Moja. Mbili. Tatu."

Hakuna aliyetikisika. Picha hiyo ndiyo iliyokwenda Machakos, kamba ikionekana waziwazi mkononi mwa Mwau. Tangu hapo Sefu hakufungua sanduku lake katika uwanja wowote wa skimu mpaka aone kamba mkononi mwa mtu mzima.

Mwau alitaka kuichoma ile picha ya kwanza. Ndila alikataa. Aliigongomea ukutani, karibu na mlango. Wageni huisogelea, kisha hurudi nyuma.

"Mama Jemima, ni nini hiki kando ya mtoto?"

"Ni mbwa wetu," Ndila hujibu. "Siku hiyo hakuwa na kamba."