Zamu ya Mchana

Kila siku akitoka shule, Sindano alivua sare, akanawa mikono, kisha akaingia chumba cha nyuma alikolala bibi yake, mama wa marehemu baba yake. Watoto wa mtaa walimpa jina la Sindano kwa wembamba wake, na kwa kuwa mama yake alikuwa fundi cherehani. Mama alimhudumia bibi asubuhi. Mchana ilikuwa zamu ya Sindano. Alimlisha uji kwa kijiko, akamfuta kidevu, akamgeuza ubavu kila baada ya saa mbili. Kiharusi kilikuwa kimemlemaza bibi upande mmoja na kuufanya ulimi wake mzito.

Magharibi mama alirudi kutoka kwenye cherehani yake, mgongo ukimuuma, akaanza kufua mashuka. Siku hizi hata mzaha ulikuwa umehama nyumba ile.

Jumatatu moja Sindano alimsikia jirani akisema uani, "Una moyo, dada! Si huyu mkweo aliyekufukuza na mtoto mgongoni, tena mvua inanyesha?"

Mama aliendelea kukamua shuka. "Ndiye."

Mtoto huyo wa mgongoni alikuwa Sindano. Tangu hapo alimlisha bibi harakaharaka, bila hata salamu, kisha akatoka kusukana nywele na rafiki yake.

"Umemgeuza bibi?" mama aliuliza jioni.

"Ndiyo, mama."

Akajibu hivyo siku nne mfululizo.

Jumamosi, muuguzi wa zahanati alikuja kumpima bibi presha. Alipomgeuza, akainama kutazama. Nyongani ngozi ilikuwa imechubuka na kuanza kutoa maji.

"Mgonjwa huyu hageuzwi," alisema.

"Anageuzwa," mama akajibu. "Binti yangu hawezi kunidanganya."

Maneno hayo yalimchoma Sindano kuliko kofi. "Nimekudanganya, mama," akasema huku akilia. "Alitufukuza! Kwa nini tujichoshe kwa ajili yake?"

Mama aliketi ukingoni mwa kitanda. "Unadhani mimi sijachoka? Jana aliniita mara tatu, nikajifanya sisikii. Nilisimama jikoni tu, nimeshika kikombe kitupu."

Bibi alikuwa akisikia yote. Midomo yake ilihangaika. "Mvua..." akasema kwa shida. "Ilikuwa... kubwa. Nilikosa."

Mama alimgeukia. "Ilikuwa kubwa, mama. Bado sijayasamehe yote. Lakini kidonda hakiningojei mimi." Akamshika begani. "Sindano, shika miguu."

Wakamgeuza pamoja, muuguzi akakisafisha kidonda. Kisha akauliza, "Bibi huyu hana mtoto mwingine?"

Alikuwepo shangazi, mtaa wa pili tu. Mama hakuwahi kumwomba msaada; aliona haya. Siku hiyo alimwita. Shangazi alipokiona kile kidonda, alijishika kichwa. "Mbona mlikaa kimya, wifi?" Akachukua zamu ya mchana siku tatu kwa wiki, na mashuka akawa anayafua yeye.

Baada ya wiki sita kidonda kilifunga. Muuguzi alipokuja kukitazama, alimkuta Sindano akimlisha bibi polepole.

"Kuchoka si kosa, mwanangu," alimwambia. "Hata hasira si kosa. Kosa ni kuyaficha hayo nyuma ya uongo, mgonjwa akaumia. Ukizidiwa, sema, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Na msamaha ukichelewa, wewe fanya kazi yako, utakukuta hapohapo."