Naam ya Tatu

Magharibi ilimkuta Mativo njiani, akitoka Kaloleni kwenda Mbotela kununua mafuta ya taa. Mkewe, Kalekye, hakuwa ameinuka kitandani tangu mvua zianze. Madaktari walipima damu, wakasema haina kasoro. Hata hivyo alizidi kupungua, na kila giza lilipoanza kushuka aligeuza uso kuelekea mlangoni...

Kama mtu anayesikiliza.

Dukani alimkuta Phares, fundi wa reli, aliyesimama naye siku ya harusi yake. Mke wa Phares, Nduta, aliugua vilevile. Wanaume hao wawili walikuwa wameacha kuulizana habari za nyumbani. Walisalimiana tu na kutazama chini.

Jioni hiyo Phares alimshika mkono.

"Nduta amekaa leo. Amekunywa uji wote."

"Umempa nini?"

"Kuna mzee amepanga chumba nyuma ya kwangu. Ana dawa, lakini haiuzi." Akaangalia nyuma. "Anaicheza. Umshinde mkono mmoja wa poka, unaenda nayo nyumbani."

Siku nyingine Mativo angecheka. Alikuwa karani wa stoo huko Industrial Area, mtu wa hesabu, asiyeamini asichoweza kukipima. Lakini alikuwa amekwisha kupima kila kitu. Akaacha mkebe wa mafuta hapo dukani, akamfuata.

Chumba kilinuka udongo mbichi, udongo uliochimbwa sasa hivi. Mzee aliketi mbali na taa. Alivaa koti zito na kofia, na mikono yake ilikuwa safi kupita kiasi. Mbele yake palikuwa na chupa ndogo ya kahawia. Kando yake alikaa Muturi, fundi wa viatu, ambaye hakuwahi kukosa mchezo wowote mtaani.

"Karibu, bwana karani," Muturi akasema. "Leo tunacheza na vizibo vya soda. Hata mke wangu hawezi kulalamika."

Poka yao ilikuwa ya karata tano. Moja unaificha, nne zinakuwa wazi, na kila karata ya wazi ikitoka, mnaweka vizibo. Ilikuwa pia na sheria ambayo haikuchezwa kwingine ila kwa watu wa reli. Aliyepandisha dau akiitwa, yaani mwenzake akilipa dau hilo ili abaki mchezoni, sharti aitike "Naam!" kwa sauti. Asipoitika, karata zake zinakufa. Ilianza kama mzaha zamani, siku mlevi mmoja aliposinzia mezani, ikabaki.

Phares aligawa.

Mativo akachungulia karata yake ya siri. Mfalme. Ya wazi ikaja, mfalme. Ya pili ikaja...

Mfalme.

Akaibana karata ya siri mezani. Mbele ya mzee kulikuwa na shupaza mbili.

Phares ndiye aliyemfundisha mchezo huu, miaka ya useja wao, na somo lake lilikuwa moja. Ukiwa na mkono mzito na mwenzako anangojea karata ya kukamilisha wake, usimwache angojee bure. Pandisha. Kila karata anayotaka kuiona, mlipishe. Anayecheza kwa woga akiwa na wafalme watatu ndiye anayelia mwishoni.

Mativo akapandisha.

"Ala! Mkamba amekalia moto," Muturi akasema, akakunja karata zake. "Mimi naenda kulala."

Akatoka. Hatua zake hazikusikika nje.

Mzee akasukuma vizibo vyake taratibu.

"Nakuita."

"Naam!"

Karata ya tatu. Mativo alipata saba. Mzee akapata shupaza nyingine. Sasa alikuwa na tatu mstarini, nyeusi, zikimeta kama zilizolowa maji. Mativo alipiga hesabu yake. Mtu huyo anangojea. Alipishwe.

Akapandisha zaidi.

"Nakuita, mwenye nyumba."

Sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa laini, na haikutoka upande alikoketi mzee.

Mativo alimtazama Phares. Phares alikuwa akitazama meza.

"Itika, ndugu yangu," Phares akanong'ona. "Karata zitakufa."

"Naam."

Karata ya mwisho. Saba ya pili. Wafalme watatu na saba mbili, mkono ambao mtu huupata mara moja na kuusimulia uzeeni. Mbele ya mzee ikaanguka shupaza ya nne. Hata kama ya siri ilikuwa shupaza, shupaza tano hazishindi mkono huo. Mativo akasukuma vizibo vyote katikati.

Mzee akainama. Harufu ya udongo ikamjia Mativo usoni.

"Nakuita," akasema polepole. "Wewe na watu wa nyumbani."

Mativo aliitazama chupa.

"Naam," Mativo akaitika.

Mzee akafunua karata yake. Shupaza. Haikutosha. Akatabasamu kama aliyepewa zawadi, akasukuma chupa.

"Umeshinda, baba. Nenda salama."

Mativo alikimbia njia yote hadi Kaloleni. Mlango wake ulikuwa wazi. Kalekye alikuwa amelala kizingitini, shuka limemfunika hadi kichwani, na jirani yao Wakiuru ameketi chini kando yake.

"Ulikuwa wapi?" Wakiuru akauliza. "Ulikuwa wapi, Mativo?"

Mativo akapiga magoti kando ya shuka, Wakiuru akaendelea.

"Kuna mtu alikuwa anamwita huko nje. Tukanyamaza, si unajua mtu haitiki sauti asiyoijua giza likiingia. Halafu wewe ukaitika."

"Mimi?"

"Sauti yako. Hapa ndani, karibu na kitanda. 'Naam.' Nikatafuta hadi uvunguni, sikukuona. Ikaita tena, ukaitika tena. Mara ya tatu akainuka mwenyewe, mtu ambaye hakuwa anaweza kushika kikombe. Akasema, 'Bwana yangu ameshaitika, wacha niende.'"

Chupa ilikuwa na maji matupu.

Phares alikuja matangani, akakaa na wanaume, akachanga kama wengine. Mativo alimfuata hadi bombani.

"Ulijua."

Phares aliosha mikono kwa muda mrefu.

"Mwenye karata mbaya hukunja," akasema hatimaye. "Hapandishi, haitwi. Ilibidi nikupe wafalme."

Mativo aliinua ngumi. Ikabaki hewani, kwa sababu Nduta alikuwa akija na sinia la chai. Alikuwa amenenepa kidogo usoni na alitembea kama msichana. Akampa Mativo kikombe, kisha akapiga magoti mbele yake, machozi yakimtoka.

"Shemeji," akanong'ona, "Phares ameniambia yote. Kwamba ilikuwa lazima mmoja wetu aende, na wewe ukakubali awe Kalekye. Nilimkatalia, nikasema hakuna mtu anaweza kukubali jambo kama hilo." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Ni kweli uliitikia?"

Watu walikuwa wamegeuka kuwatazama. Phares alikuwa amefunga bomba.

Mativo alitaka kukana, akakumbuka naam zake tatu.

"Niliitika," akasema.

Nduta akaubusu mkono wake.