Zinash na Seva Isiyoamka

Kila asubuhi, kabla ya kengele kulia, Zinash alipitia chumba cha kompyuta cha shule yao mjini Dese, Ethiopia, akitafuna kolo, shayiri iliyokaangwa, akaiwasha programu ya maktaba. Programu hiyo ilikaa ndani ya seva, ile kompyuta inayozihudumia nyingine zote. Bila hiyo hakuna darasa lililofungua kitabu hata kimoja kwenye kompyuta, na Zinash wa darasa la saba ndiye aliyekabidhiwa maneno ya kuiandikia ili ianze.

Shida ilikuwa umeme. Ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Kila uliporudi seva iliwaka yenyewe, lakini programu ilibaki imelala, na mtu akatumwa kumtoa Zinash darasani. Muhula ule alikosa vipindi kumi na kimoja vya hesabu, akapata alama thelathini na mbili. Mkuu wa shule, Bwana Belachew, waliyemwita Ato Belachew, alikasirika.

"Jumatatu naifungia stoo hiyo seva," alisema. "Mashine gani inakula masomo ya mtoto?"

"Haifungiwi!" Zinash alijibu, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka, ingawa alimwita Gashe, jina la heshima kwa mkubwa. "Mwalimu Getnet anasema inaweza kuagizwa ianze yenyewe. Nipe siku moja, Gashe. Nitaiagiza mimi."

"Wewe? Kwa alama thelathini na mbili?"

"Kwa hizohizo."

Mwalimu Getnet, aliyefundisha kompyuta, alimwonyesha mahali pa kuandika agizo, akataka walisome tena pamoja likishakamilika.

"Najua, Mwalimu," Zinash alimkatiza. Akaagiza programu ianze saa mbili, saa ya kuingia darasani, kisha akaenda zake bila kulisoma tena.

Jumatatu asubuhi hakuna kitabu kilichofunguka. Kirubel, mwanafunzi mwenzake asiyekosa neno, alipaza sauti: "Jamani, mhandisi wetu! Seva imeenda kunywa kahawa?" Darasa zima likaangua kicheko. Zinash aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akakimbilia chumba cha kompyuta, akasoma kumbukumbu za seva, na hapo akaliona kosa lake.

Ato Belachew aliingia na ufunguo wa stoo mkononi, Mwalimu Getnet na Kirubel wakimfuata. Alipomwona mtoto alivyonywea, alilegeza sauti. "Umeme ulikatika alfajiri. Ndiyo sababu, eti?"

Lilikuwa jibu tamu, na nusu yake ilikuwa kweli. Zinash aliinua kichwa.

"Hapana, Gashe. Kosa ni langu. Sisi tunaanza kuhesabu saa asubuhi, seva inaanza saa sita usiku. Nimeandika mbili, programu ikaanza kazi saa nane usiku. Umeme ulipokatika, ikalala tena. Mwalimu aliniambia nisome mara ya pili, nikajifanya najua. Lakini bado nasema haifungiwi!"

"Si uandike nane tu," Kirubel alidakia.

"Na umeme ukikatika saa nne?" Mwalimu Getnet aliuliza.

Zinash alifikiri kidogo, akapiga meza. "Saa za nini? Naiambia ianze kila seva inapowaka, iwe asubuhi, iwe jioni!"

Safari hii aliandika polepole, akalisoma agizo kwa sauti, neno kwa neno, Mwalimu akisikiliza. Kisha akamgeukia mkuu wa shule.

"Zima swichi kuu, Gashe. Zima mwenyewe."

Ato Belachew alizima. Chumba kikawa kimya. Alipowasha tena, Zinash alikuwa amesimama mbali na meza, mikono mgongoni, asiguse kitu. Dakika moja ikapita, kisha ya pili. Mara sauti ikasikika kutoka darasa la sita: "Vitabu vimefunguka!"

Kirubel alikuna kichwa. "Haya, mhandisi," alisema, na safari hii hakucheka mtu.

Ato Belachew akautia ufunguo mfukoni. "Ungesingizia umeme, Zinash, ningekuamini, na seva ingeishia stoo. Kosa likikiriwa hurekebishwa. Ukisingizia kitu kingine, hukaa palepale. Na ukiambiwa usome tena, soma tena. Ujuzi si kiburi. Sasa nenda, kipindi cha hesabu kimeanza."

"Naenda, Gashe," Zinash alisema akiwa mlangoni. "Na umeme ukatike hata mara kumi, msinitumie mtu. Sitoki darasani."