Mgeni wa Jabali la Nyanungu

Jiwe lile halikuwepo. Kisyeri alikuwa na uhakika, maana alikaa mbele ya jabali la Nyanungu asubuhi nzima, kamera mapajani, kimya, akingoja mwanga utulie. Ndivyo alivyofanya kazi. Iwe kilima, iwe mtaa wa Tarime mjini, alipatazama mahali mpaka pamzoee, akapiga picha moja tu, akaondoka.

Bibi Nchagwa, aliyepita na kuni, alimwambia alitajie jabali jina lake na saa atakayoondoka, kama wafanyavyo wote wanaokaa pale. Kisyeri, mzee wa kanisa, alicheka.

"Bibi, mimi shikamoo nawapa wenye pumzi."

Sasa kwenye picha kulikuwa na jiwe. Katika picha iliyofuata, ya maduka ya mjini, jiwe lilikuwa limekaa kati ya maduka. Katika ile ya nyumba yake ya Nkende lilikuwa mlangoni, nalo lilikuwa na magoti.

Sebule ikaanza kunuka ngozi mbichi ya ng'ombe. Kigoda kimoja kikawa na joto bila mtu kukikalia. Binti yake Robi, asiyetulia hata kwenye ibada, akawa anakaa chini mbele ya kigoda kile, hachezi.

"Baba," alinong'ona, "mgeni anasema nitulie."

Mchungaji aliomba mpaka sauti ikamkauka, harufu ikazidi. Kisyeri akawasha pikipiki, akarudi Nyanungu, akamwamkia bibi na kukiri kiburi chake.

"Ulikaa kwake kimya," bibi akasema polepole. "Naye amekuja kukaa kwako."

"Ataondoka lini?"

"Wewe uliondoka lini?"

Akapanda pikipiki kurudi Nkende. Njia nzima alimlilia Mungu wake, na Mungu amsamehe, akalilia na jabali, akalitajia jina lake akiwa ameshachelewa, mpaka akasukuma mlango akamkuta Robi amekaa palepale, mikono mapajani, mwanga wa dirishani umempiga shavuni vizuri vilevile ambavyo yeye mwenyewe angengoja asubuhi nzima kuupata, na kabla hajamwita, mlio wa kamera ukasikika sebuleni, mara moja tu.

Kamera yake ilikuwa begani, imezimwa.

Harufu ikakatika. Kigoda kikapoa.

"Ameondoka, Baba Robi," mkewe Wegesa akasema kutoka jikoni, akimshukuru Mungu.

Robi hakupepesa macho.