Radhi za Mgonjwa

Kikamuzi kilimeza debe zima la majani ya mtwini, mti wa dawa, kikayasaga, kikayachuja mara mia saba, kisha kikatema tone moja la rangi ya chai kavu. Usione vyaelea, vimeundwa. Tone lile lilimlia Dakta Hidaya Shekivuli miaka kumi na tisa ya ujana wake, na mengine ambayo hakupenda kuyataja.

Katika Lushoto ya zama hizo, jiji ambalo magari yake yalipita angani na roboti ndio waliouza mboga sokoni, maradhi ya Alzheimer bado yaliwapokonya watu akili. Uchafu wa protini huganda kwenye seli za ubongo kama masizi kwenye sufuria, na mtu akasahau hata wanawe. Tone la mtwini liliyeyusha masizi hayo. Ila halikuchagua; likisafisha, lilisafisha kote, na kumbukumbu tamu na chungu zikarudi pamoja.

Mgonjwa wa kwanza kupewa tone hilo alikuwa mama yake, Bi Mwantumu. Miaka minne waliishi wawili tu, ghorofani juu ya maabara, na kila siku saa kumi alasiri mama aliuliza lile lile.

"Baba yako karudi kutoka shamba?"

"Bado, mama."

"Akija mpe chai. Na wewe ule, umekonda. Radhi zangu zote unazo, mwanangu."

Hidaya hakuwahi kuitikia amina. Baba alikuwa kaburini mwaka wa tano. Siku aliyofariki, Hidaya alikuwa maabara na seli za kwanza za kujaribia dawa, ambazo roboti walikuwa hawajajifunza kuzitunza na zingekufa akiziacha saa moja. Akasema atawahi. Maiti haisubiri, wakazika bila yeye. Mama akamwambia mbele ya ukoo mzima, "Radhi yangu huna. Na siku yangu ikifika, usije."

Kisha maradhi yakaja, yakaifuta kauli ile, na Hidaya akarudishiwa mama. Haya, wewe ungefanyaje? Akimponya, anampoteza. Asipomponya, mwakani mama hatajua hata kumeza. Alilia siku mbili, ya tatu akampa tone.

Kionabongo, kofia ya nyuzi nyembamba, kilionyesha ukutani ubongo wa mama ukiwaka kipande kwa kipande. Siku ya kumi na moja saa kumi ilifika, na mama hakuuliza kitu. Alikuwa amekaa kitandani, kanga machoni.

"Baba yako amekufa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hukuja kumzika."

"Sikuja."

"Ulikuwa wapi?"

"Hapo chini. Natengeneza hii dawa."

Bi Mwantumu alikitazama kichupa cha dawa kando ya kitanda. "Nimekaa hapa kwa muda gani?"

"Miaka minne."

"Nani alikuwa ananiogesha?"

"Mimi."

Mama akakunja pindo la kanga. "Hidaya, katika kuweweseka kwangu, nilikutamkia neno? Neno la mzazi? Sema kweli, maana kama nilishalitoa, silirudishi."

Neno lilimfika Hidaya ulimini. Angesema ndiyo tu, radhi zingekuwa zake. Lakini radhi alizopewa na mtu asiye na akili zake aliziona ni za wizi, na miaka yote minne alikuwa akitamani za kupewa na mama mwenye akili timamu.

"Hapana, mama. Ulikuwa unamuuliza baba tu."

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Basi mwite mjomba wako anirudishe kwangu."

Mjomba alifika kabla ya magharibi. Mlangoni Bi Mwantumu akageuka, akamtazama mwanawe juu mpaka chini.

"Umekonda," akasema, akaondoka.

Kesho yake foleni ya wagonjwa ilizunguka jengo, na watu walikuwa wakikumbatiana na wazazi wao wakilia kwa matumaini. Saa kumi ilipofika Hidaya akawaacha, akapanda ghorofani, akachemsha chai. Akajipakulia wali, akakaa pembeni ya kitanda kitupu, akajilazimisha kula mpaka sahani ikaisha.