Kazi Iliyokufa Njiani

Kila Jumamosi Junali alimpelekea shangazi yake chai na pitha, vitumbua vya mchele na ufuta, chuoni Guwahati, kisha asitake kuondoka. Shangazi Dipali alisimamia kompyuta kubwa inayokadiria maji ya mto Brahmaputra. Kazi za hesabu zilipanga foleni humo, kila moja ikingoja zamu yake. Junali, aliyependa hesabu kuliko kula, aliruhusiwa kutuma kazi moja tu: kukadiria maji ya Majuli, kisiwani kwa bibi yake.

"Umeiambia kompyuta ikupe habari lini?" Shangazi aliuliza siku hiyo, akielekea mkutanoni.

"Kazi ikiisha."

"Ikiisha, au ikiisha salama?"

"Aa, Shangazi, si yale yale! Nenda, utachelewa."

Haya. Punde simu ya Junali ikalia: kazi imeisha. Alifungua matokeo, akaona maji yanapungua. Weee! Hakungoja mtu, akampigia bibi.

"Bibi, usihangaike kuhamia juu kwenye tuta la kuzuia mafuriko. Maji yanashuka!"

"Ewaa, mjukuu wangu! Basi namrudisha ng'ombe zizini. Nani kama wewe?"

Shangazi aliporudi alitazama skrini, uso ukambadilika. "Juna, kazi yako haikufika mwisho. Ilikosa nafasi kwenye kompyuta, ikafa njiani. Umeambiwa imeisha, na kweli imeisha. Lakini matokeo uliyoyaona ni ya Jumamosi iliyopita; mapya hayakuandikwa."

Junali aliitazama simu yake. Kijiji kizima cha Bibi kilimjua kama mtoto mwenye akili. Sasa wangesemaje?

"Nimeshamwambia Bibi," alinong'ona. "Mpigie wewe, Shangazi. Sema mtandao ulisumbua."

"Mtandao haukusumbua, mpenzi." Shangazi alimvuta karibu, akamshika bega. "Nipo hapa hapa. Piga."

Alipiga huku analia. "Bibi, nimekosea. Nilikuambia kabla sijahakikisha. Sijui maji yatakuwaje. Nenda kwenye tuta, tafadhali."

Bibi akamjibu: "Usilie, mama. Namfungua ng'ombe sasa hivi."

Wakaituma kazi upya. Safari hii Junali aliiagiza kompyuta ilete matokeo kazi ikiisha salama tu, na ikifa, iseme imekufa. Jioni jibu likaja: maji yanapanda. Kulipopambazuka, ua wa Bibi ulikuwa ziwa, naye yuko juu ya tuta na ng'ombe wake, anakunywa chai ya majirani.

"Bibi, utaniamini tena?" Junali aliuliza kwenye simu.

Bibi alicheka. "We mtoto! Wa kunitabiria maji nimewaona tele, tangu sijaolewa. Aliyenipigia mara ya pili kusema amekosea ni wewe peke yako. Kabla hujasema kazi imekwisha, itazame imekwishaje. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema jana, wakati mwenzio bado ana njia ya kupita."